Mbayuwayu Aliyeruka Kushoto

Dukani walimwita Kibubu, na jina likamkaa. Kibubu ni kile kisanduku cha kuwekea akiba: kinapokea tu, hakitoi mpaka ukivunje. Ndivyo alivyokuwa binti huyu. Ungemwambia jambo asubuhi, jioni ungemkuta nalo limetulia palepale, hajalipeleka popote. Mzee Pindo, fundi wa suruali, alikuwa akisema siku Kibubu atakapokohoa mbele za watu, yeye atafunika cherehani yake akapumzike, maana atakuwa ameshaona kila kitu.

Duka lilikuwa la shangazi yake, dada mkubwa wa baba yake. Lilikuwa na cherehani tatu. Ya kwanza aliikalia Shangazi, ya pili Mzee Pindo, na ya tatu ilifunikwa shuka tangu fundi wake alipoolewa na kuhama. Kibubu hakuwa na cherehani. Alipiga pasi, alitia vifungo, alifagia vipande vya nguo, na pale mashine iliposhindwa kufika alishona kwa mkono. Aliacha shule darasa la tano ili amuuguze bibi yake. Bibi alipofariki, Shangazi akamchukua. Sasa mwaka wa tatu ulikuwa unaingia.

Jumatano moja, msusi mwenye saluni ya ng'ambo ya kichochoro alikuja na maneno yake. Alikuwa mwanamke mwenye sauti ya kujaza chumba, na alipenda tamthilia ya *Tarishi* kuliko chakula. Kila siku saa kumi jioni televisheni ya saluni ilimwonyesha mwanamke yule anayepeleka barua za siri mlango hadi mlango, akiwa na mkoba wa ngozi begani. Mkoba wenyewe ulikuwa na kifuniko kilichokatwa mshazari, mbayuwayu mwekundu juu yake, na kifuko cha siri ubavuni. Jumamosi ndiyo ingekuwa siku ya mwisho wa tamthilia. Msusi alikuwa ameshawaalika wanawake kumi na wawili, na alitaka Jumamosi hiyo awe na mkoba kama ule. Aliuliza kama kuna fundi mjini wa kumshonea, kisha akajijibu mwenyewe kwamba hapa hayupo, maana hapa wanajua sare za shule tu.

Shangazi aliinua mguu kwenye cherehani. Alikuwa mtu wa kuvumilia mengi, lakini si hilo.

"Huyu hapa atakushonea," alisema, akamwonyesha Kibubu kwa mkasi.

Msusi alicheka. Aliuliza huyo mkoba ameuona wapi, wakati hajawahi hata siku moja kukanyaga saluni.

"Anaujua kuliko wewe, jirani. Wewe unasuka huku umeipa televisheni kisogo."

Kibubu aliinamisha uso karibu uguse pasi. Ilikuwa kweli. Shangazi hakutaka mtu ashone akiwa ameelekea mlangoni, kwa hiyo kigoda chake kilitazama ukuta wa ndani, mbele ya kile kioo kirefu cha wateja kujipimia nguo. Alichofanya hakuna aliyemkataza: kila saa kumi aliinua macho kidogo tu, na mle kwenye kioo aliona mlango, na ng'ambo ya mlango saluni, na ndani ya saluni ile televisheni. Sauti haikumfikia ila vipande. Hilo halikumsumbua. Kwa miaka miwili alimtazama Tarishi kimyakimya, na mkoba ule aliujua kama mtu anavyoujua mlango wa nyumbani kwao.

Jioni hiyohiyo baba yake alipiga simu. Ilikuwa mara ya tatu mwezi huo. Mke wake mpya alikuwa amejifungua na hakuwa na nguvu, na baba alitaka binti yake arudi akalee mtoto na kushika nyumba. Shangazi alimjibu kama siku zote kwamba mtoto anajifunza kazi. Safari hii baba alikuja juu, akauliza ni kazi gani hiyo ya kujifunza kufagia miaka mitatu. Sauti yake ilitoka kwenye simu mpaka Mzee Pindo akajifanya anatafuta uzi chini ya meza.

"Njoo Jumamosi," Shangazi alisema. "Kuna mteja kaagiza kitu. Akikikubali, mtoto anabaki kwangu na ninampa cherehani ya tatu. Asipokikubali, unaondoka naye siku hiyohiyo, nami sitafungua mdomo. Tumeelewana?"

Kibubu alisikia harufu ya kuungua ndipo akakumbuka pasi. Alikuwa amechoma kola ya shati la mtu.

Si kwamba hakumpenda huyo mdogo wake ambaye hajamwona. Ila alijua kwenda kule ni kwenda moja kwa moja. Mtoto huyu akishatembea atakuja mwingine, na vidole vyake vitasahau sindano vikiwa ndani ya maji ya kufulia.

Alhamisi asubuhi Shangazi alifungua sanduku la bati, akatoa koti la ngozi la marehemu mumewe. Lilikuwa zito, rangi ya kahawa iliyokolea, bado lina mikunjo ya viwiko vyake. Alilikung'uta mara mbili, akaliweka juu ya meza ya kukatia, kisha akageuka upesi kama mtu aliyesikia anaitwa.

"Mgongo ndio mpana," alisema akiwa ameshampa kisogo. "Kifuniko ukikate huko. Kifua kitakutosha kwa mfuko na mkanda. Na unisikilize vizuri. Kitambaa ukikosea unafumua, unapiga pasi, yameisha. Hii ukishaitoboa tundu halizibi. Na koti ninalo moja tu."

Siku nzima Kibubu hakugusa ngozi. Alikata gazeti. Alifumba macho, akamwona Tarishi akishuka ngazi, akafumbua, akachora kwa chaki. Kifuniko ndicho kilichomtoa jasho: upande wa kushoto kinashuka mpaka karibu na kitako cha mkoba, upande wa kulia kinaishia juu, na kati yake mshazari ulionyooka. Mbayuwayu anaruka kuelekea kushoto. Kifuko cha siri kinakaa ubavu wa kulia. Alibandika gazeti juu ya gazeti, akajipima nalo nyonga, akalikunja, akalikata tena, mpaka Mzee Pindo akauliza kama mteja kaagiza mkoba au maktaba.

Jioni alikata ngozi. Mkasi mkubwa wa Shangazi ulipoingia kwenye mgongo wa koti, Mzee Pindo alisimamisha cherehani yake. Shangazi aliendelea kukanyaga cherehani bila kitambaa chini ya sindano.

Ijumaa alishona. Alitoboa matundu kwa msharasi, kile chuma chembamba cha fundi viatu, moja baada ya jingine, yote kwa umbali wa punje ya mchele. Alishika sindano mbili kwenye uzi mmoja, moja ikija na nyingine ikienda, zikikutana kwenye tundu moja, kisha anavuta pande zote mbili mpaka uzi unalia. Mbayuwayu alimkata kwenye ulimi wa kiatu chekundu cha zamani. Kufikia alasiri kidole gumba kilikuwa kimechubuka na mkoba ulikuwa umesimama wenyewe juu ya meza, bado mkanda tu. Shangazi aliupitishia kidole kwenye mshono wote, mwanzo hadi mwisho. Alipokwenda kunywa maji alikuwa anaimba.

Jumamosi saa tatu asubuhi Shangazi alimtuma saluni akapime urefu wa mkanda kwenye bega la Msusi.

Kibubu alivuka kichochoro akiukumbatia mkoba kifuani. Ndani kulikuwa na joto la mashine za kukaushia nywele, vioo sita ukutani, na wanawake watano ambao wote waligeuka.

"Ala, Kibubu," mmoja alisema, "leo umekuja kuweka au kutoa?"

Walicheka, si kwa ubaya. Masikio ya Kibubu yaliwaka moto. Msusi alivua aproni, akauweka mkoba ubavuni, akasimama mbele ya kioo kikubwa kuliko vyote. Aligeuka upande huu, akageuka na huu.

"Ndio wenyewe," alisema polepole. "Jamani, ndio wenyewe kabisa."

Kibubu alikuwa amepiga magoti, tepu ya kupimia ikiwa mkononi, wakati televisheni ilipotangaza kuwa leo saa kumi ndio mwisho wa *Tarishi*. Sauti ilikuwa kubwa na karibu. Aliinua kichwa. Tarishi alikuwa anashuka ngazi, anakuja mbele, mkubwa kama mtu, mkoba ubavuni.

Mbayuwayu alikuwa anaruka kuelekea kulia.

Kwanza Kibubu alidhani televisheni ni mbovu. Akatazama ubavu wa Msusi: kushoto. Akatazama kioo: kulia. Akatazama televisheni tena: kulia, na kifuniko kirefu kulia, na kifuko cha siri kipo kushoto. Ndipo likamwingia. Kwa miaka miwili hakuwahi kumwona Tarishi mwenyewe. Alimwona Tarishi wa kwenye kioo. Kila siku ya kazi alijua kwamba mteja akiinua mkono wa kulia, yule wa kwenye kioo anainua wa kushoto. Angeulizwa angejibu bila kufikiri. Lakini televisheni hakuwahi kuitia katika hesabu hiyo, kama vile kioo kiligeuza wateja tu na tamthilia kikaiacha.

Ameushona mkoba mzima kinyume, kila kitu kikiwa mahali pake, ila mahali penyewe pamegeuka. Na Msusi, akijitazama kwenye kioo, alikuwa anaona mkoba sahihi.

"Umeshapima?" Msusi aliuliza. "Mbona umekodoa macho, sindano imekuchoma?"

Kibubu aliandika namba kwenye kiganja chake, akauchukua mkoba, akatoka.

Zilikuwa zimebaki saa saba nzima kufika saa kumi, na alizitumia zote kutafuta mlango usiokuwepo. Kifuniko hakigeuziki, maana upande wa ndani wa ngozi una manyoyanyoya kama taulo la zamani. Mbayuwayu akimbandua, matundu yake yatabaki kama makovu ya ndui. Mgongo wa koti ulikuwa umekwisha. Vipande vipana vilivyobaki vilikuwa mikono miwili tu. Aliifumua, akaitandaza, akaweka gazeti la kifuniko juu yake. Ilipungua vidole vinne. Alipima tena, akapima mara ya tatu, kana kwamba ngozi ingemwonea huruma ikanyooka. Huku mikono ikifanya hayo, mkanda nao aliushona, kwa sababu Shangazi alikuwa anatazama.

Mara mbili alikwenda kumwambia. Mara ya kwanza alimkuta amepiga simu, anamweleza mtu kwamba leo duka lake litatajwa. Mara ya pili alimkuta ameivua shuka cherehani ya tatu na anaitia mafuta tone kwa tone, akizungusha gurudumu kwa kidole. Mara zote mbili alirudi kushona mkanda.

Mzee Pindo ndiye aliyemshtukia. Alimfuata nyuma kwenye debe la vipande, akamwuliza ameiba nini. Kibubu alimwonyesha kwa mkono zaidi kuliko kwa mdomo: kioo, televisheni, mkoba. Mzee alianza kucheka, akaona uso wake, akaacha.

"Mjukuu wangu," alimnong'oneza, "miaka thelathini nashona suruali. Sijawahi kumwambia mteja kosa kabla hajaliona mwenyewe. Nusu yao hawajaliona mpaka leo, na wengine wamezikwa nazo."

Kisha akampangia. Saluni ina vioo sita, na Msusi atajitazama humohumo. Basi la baba yake linaondoka saa kumi na robo, na kituo si karibu, kwa hiyo kabla ya saa kumi lazima awe ameshaaga. Tamthilia inaanza saa kumi kamili. Kibubu afunge mdomo, kazi ambayo anaiweza kuliko mtu yeyote. Baba akishaondoka, hata wakigundua watapiga kelele, watanyamaza, naye cherehani atakuwa nayo.

Ulikuwa mpango mzuri. Kibubu aliugeuza kila upande hakuona tundu. Ila moja: saa kumi kamili Shangazi angekuwa katikati ya wanawake kumi na wawili, kifua mbele, na mkoba uliotokana na koti lile ungesimama kando ya televisheni, mbayuwayu mmoja akienda huku na mwingine kule.

Baba alifika saa nane. Alikuwa mwashi, mikono imepasuka kwa saruji, na kwapani alikuwa na begi tupu lililokunjwa. Kibubu aliliona begi kabla hajauona uso wake. Alimwamkia, baba akaitikia, akamtazama kwa muda na kusema amekua. Halafu akauomba mkoba. Aliuvuta mkanda kwa mikono yote miwili kama anayejaribu kamba ya jukwaa la ujenzi. Alibonyeza kona. Aliuliza nani alimkatia.

"Mwenyewe," Kibubu alijibu.

Baba alitikisa kichwa kidogo, akaliweka begi tupu chini ya kiti.

Saa kumi kasorobo walivuka kichochoro wote wanne. Saluni ilikuwa imejaa, viti vimegeuzwa kuelekea televisheni, wengine wamekaa kwenye ndoo. Msusi aliuvaa mkoba mkanda ukiwa tayari, akaenda kiooni, na vigelegele vilipigwa. Mwanamke mmoja chini ya mashine ya kukaushia nywele alikunja uso, akasema mbona kama huo mkoba una kitu. Mwanamke akatazama tena, akasema hapana, ni hizi nywele zinamvuta mpaka haoni vizuri.

Baba alikuwa mlangoni, kofia mkononi. Alimwuliza Msusi kwa adabu kama ameukubali.

"Nimeukubali na mkono ulioushona nimeukubali," Msusi alisema, bado akijitazama.

Baba alimgeukia dada yake, akasema basi neno lake limesimama na yeye aende akawahi basi. Begi tupu lilikuwa kwapani. Saa ya ukutani ilionyesha saa kumi kasoro dakika kumi. Nyuma ya mgongo wa Kibubu, Mzee Pindo aliguna taratibu, kama mtu anayemwambia ng'ombe atulie.

Hapo Shangazi alicheka. "Sare za shule tu, ee jirani?" alisema, na akacheka tena, kicheko kirefu chenye raha, ambacho Kibubu hakuwahi kukisikia tangu aingie nyumba ile.

"Uko kinyume," Kibubu alisema.

Hakuna aliyesikia. Akapaza sauti.

"Shangazi. Mkoba uko kinyume."

Sasa walisikia. Alimwomba Msusi asijitazame kwenye kioo, ainamishe kichwa atazame mkoba wenyewe ubavuni, kisha atazame televisheni, ambapo matangazo yalikuwa yanamwonyesha Tarishi tena. Msusi alitazama chini, akatazama juu. Mtu mmoja kwenye ndoo aliangua kicheko, mwenziwe akampiga kiwiko. Msusi aliutoa mkoba begani polepole.

"Mimi niliagiza wa Tarishi," alisema. Wala hakuwa na hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Huu siuchukui."

Shangazi hakumtazama. Alikuwa anamtazama Kibubu.

"Umejua lini?"

"Asubuhi. Nilipokuja kupima."

"Na huo mkoba uliuangalia wapi mpaka ukautia kinyume?"

"Kwenye kioo chetu, Shangazi. Kile cha wateja. Ndimo ninamoionea televisheni."

Shangazi alitoka. Wote waliokuwa karibu na mlango walimwona akivuka kichochoro, akiingia dukani kwake, akikaa kwenye kile kigoda cha pembeni na kuinua uso kuelekea kioo. Alikaa hivyo bila kujitikisa.

Baba alimsogelea binti yake. "Ungenyamaza dakika kumi tu, mimi ningekuwa njiani."

"Najua, Baba."

"Peke yangu."

"Najua."

"Sasa ulisemea nini?"

Kibubu alitazama mikono yake. "Saa kumi wangeuona wote. Wangemcheka Shangazi. Na koti lilikuwa la marehemu mumewe." Kisha, kwa sababu kibubu kilikuwa kimeshapasuka na hakukuwa na cha kuzuia tena, akaongeza: "Sitaki kwenda, Baba. Mtoto nitakuja kumwona, nitamshonea nguo. Lakini nataka kubaki nishone."

Shangazi alirudi, akasimama kizingitini. Macho yake yalikuwa mekundu lakini sauti ilikuwa kavu.

"Picha yenyewe mle kiooni haizidi kiganja," alisema, bila kumwambia mtu yeyote hasa. Halafu akamgeukia ndugu yake. "Tulikubaliana mteja akubali. Mteja hajakubali. Nilisema sitafungua mdomo, na sifungui."

Basi ikawa juu ya baba. Saa ilikuwa inakwenda. Aliuchukua mkoba mikononi mwa Msusi, akaugeuza, akapitisha kidole kwenye ile safu ya matundu iliyonyooka kuliko kamba ya timazi ya waashi.

"Mimi niliwahi kuweka mlango upande wa jirani," alisema. "Nilikuwa kijana. Mchoro niliushika juu chini. Ukuta ulipofika kiunoni nikagundua, nikaogopa, nikanyamaza, nikaendelea kupanga matofali. Nyumba ile mpaka leo mwenyewe anaingia kwa kuomba njia." Wanawake walicheka kidogo, yeye hakucheka. "Niliambiwa nije nione kama huyu ni fundi au mfagizi, dada. Nimeona. Huko nyumbani nitamwomba shemeji yangu mdogo aje. Atanisumbua kwa maneno, lakini atakuja."

Alimpa Kibubu mkoba, akamshika kichwa kwa kiganja chake kigumu, akaliweka begi tupu kwapani na kutoka mbio. Mzee Pindo alimfuata mpaka kichochoroni akimwonyesha njia ya mkato ambayo hakuna aliyemwuliza.

Msusi alikuwa bado amesimama mikono kiunoni. Alisema sawa, watu wameshalia na kucheka, lakini yeye bado hana mkoba. Kibubu alimwambia imebaki mikono ya koti na vipande vya kifua, na kifuniko kikitoka kwenye mikono kitakuwa na mshono katikati, hakuna namna. Alisema yote hayo kwa pumzi moja, akimtazama usoni. Msusi alifikiri, akauliza mshono huo utapita wapi. Kibubu akamwonyesha kwa kidole, chini ya bawa la mbayuwayu, ambako hautaonekana sana. Msusi akasema Jumatano, na ukikosewa tena atautundika dukani kwa Shangazi mlangoni. Shangazi alisema Jumatano, akauchukua ule wa kwanza, akautia begani kwake. Mkanda ulikuwa mrefu mno kwake, mkoba ukamgonga gotini. Aliuacha hivyohivyo.

Muziki wa *Tarishi* ulianza. Kila mtu alitafuta pa kukaa, na Kibubu, kwa mara ya kwanza, alisimama akaitazama televisheni uso kwa uso, kipande cha chaki mkononi. Ilikuwa sehemu ya majonzi. Tarishi alifikisha barua ya mwisho, akakuta aliyeandikiwa ameshahama. Alikaa kwenye ngazi za nyumba ile tupu, na saluni nzima ilivuta makamasi. Msusi alilia waziwazi, mkono mdomoni.

Ilipokwisha, yule mwanamke wa chini ya mashine ya kukaushia nywele, ambaye hakusikia neno hata moja kwa kelele ya mashine iliyokuwa kichwani mwake, alimvuta Kibubu nguo na kumwuliza imeishaje, barua ile ilisemaje.

Kibubu alimtazama kama mtu aliyeamshwa.

"Kile kifuko cha ubavuni," alisema, "kina vifungo viwili. Mimi nilitia kimoja."